Muda Ukiruhusu

Mwenye ratiba ni mimi. Kanisani kwetu ukitaka kuimba, kusoma somo, kutambulisha mgeni au hata kukohoa kwa mpangilio, unapitia kwangu kwanza. Uchungaji sina, theolojia sijasoma. Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, na wiki nzima kazi yangu ni kuhakikisha hata msumari hautoki bila saini. Sasa mtu wa namna hiyo ukimkabidhi kamati ya ibada, unategemea nini? Kichwa kilinivimba haraka kuliko hamira.

Kabla yangu, jamani, ibada ilikuwa inajiendea inavyojisikia. Kwaya ikipanda mbele haishuki. Mtu akiitwa kutoa shukrani anaanzia siku aliyozaliwa. Vijana, ambao ibada yao hufuata baada ya yetu katika ukumbi uleule, walikuwa wanakaa nje juani wakisubiri tutoke, mpaka wengine wanaamua kurudi zao nyumbani kulala. Nikaja mimi na karatasi moja: vipengele upande wa kushoto, dakika upande wa kulia. Nikaibandika mlangoni. Chini kabisa nikaandika kwa herufi kubwa kwamba ukumbi unakabidhiwa kwa vijana kwa wakati na hakuna nyongeza. Vijana wakanipigia makofi. Watu wazima wakanibatiza Mzee Dakika, na mimi, zuzu nisiye na dawa, nikadhani ni sifa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera. Mke wangu ndiye kiongozi wa kwaya ya kina mama. Siku moja niliwapanga waimbe mapema, nikasikia mtu nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Wee, mwenzetu analala na ratiba, atakosaje nafasi?" Wakacheka. Mimi sikulala siku hiyo. Tangu hapo nikaamua kuwa mtu wa haki, haki ile ya kuonekana na watu, na kwaya ya kina mama nikaishusha mpaka mwisho kabisa wa karatasi, ikiwa na maneno mawili mbele yake: muda ukiruhusu.

Kila mtu kanisani alijua maneno hayo yana maana gani. Muda haukuwahi kuruhusu. Kina mama walikuwa wanavaa majoho yao, wanakaa nayo ibada nzima wakitoka jasho, kisha wanayavua na kwenda nyumbani. Na mimi nilikuwa nawapa mkono mlangoni nikisema, "Jumapili ijayo, kina mama, msikate tamaa." Hivi kweli nilikuwa nimekosa hata haya?

Basi, Alhamisi moja jioni nilikuwa jikoni, nimetandaza karatasi zangu mezani, rula mkononi. Mama mkwe wangu alikuwa sebuleni anasikiliza redio, imefunguliwa mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Alikuwa amekuja kwetu kwa matibabu. Sikio lake moja lilikufa zamani. Kwenye lile lililobaki kimeota kivimbe ndani, na daktari alikuwa amesema hakiachiki, lazima kitolewe. Operesheni ilikuwa Jumanne. Na daktari hakuficha: kivimbe kitatoka, lakini kusikia nako huenda kukatoka pamoja nacho.

Mke wangu akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Akaisogeza rula pembeni. Mtu mwingine akigusa rula yangu nafoka, lakini sura yake haikuwa ya mchezo.

"Baba Watoto, Jumapili hii usituweke chini."

"Kwa nini Jumapili hii?"

"Tuna wimbo wa mama."

Nikamwangalia. Wimbo wa mama naufahamu, nani nyumbani kwetu haufahamu? Mama mkwe aliutunga mwenyewe ujanani, akifua. Ni wimbo wa kumkaribisha Mungu nyumbani. *Nyumba yangu ni ndogo, Bwana, ingia hivyo hivyo.* Hajawahi kuuimba kanisani, anasema ni wimbo wa karai la nguo, haufai mbele za watu. Lakini amewalea watoto wake wote nao, na watoto wangu pia wameulalia.

"Nimewafundisha kina mama," mke wangu akasema kwa sauti ya chini, ingawa redio ilikuwa inapiga kelele kuliko sisi wote. "Kwa siri. Tumeugawa sauti nne. Mama hajui."

"Si mumwimbie hapa nyumbani? Jumapili jioni, kwa raha zenu."

"Nani ataniletea kina mama wote hapa? Mmoja yuko zamu ya hospitali, mwingine anafungua kibanda chake akitoka tu kanisani, mwingine ana mume asiyetaka atoke. Kanisani ndiko tunakopatana. Mama ameuimba huu wimbo maisha yake yote kwa sauti moja, peke yake. Lakini alikuwa anatuambia zamani, kichwani mwake anawasikia wengi. Nataka awasikie, hao wengi. Mara moja tu, kabla ya Jumanne."

Hapo mwanamume mwenye akili zake angesema, "Mke wangu, nakuweka baada ya somo la kwanza, na asiyetaka ahame kanisa." Mimi nikasema nini? Nikasema, "Nitaangalia."

Kule stoo, fundi akiniomba kitu ambacho sina nia ya kumpa, namwambia nitaangalia. Mke wangu anajua hilo. Aliinuka, akairudisha rula mahali pake, akaenda kupunguza redio.

Nisionekane mnyama, niliangalia kweli. Nilikata dakika kwenye nyimbo za kusifu, nikakata kwenye utambulisho wa wageni, nikambana hata mtoa mahubiri. Nikajumlisha, nikaona pale chini kuna nafasi ya kutosha kabisa ya wimbo mmoja. Nikafurahi mwenyewe. Kina mama wataimba, na hakuna mtu atakayesema nimempendelea mke wangu, maana watakuwa palepale chini kama kawaida yao. Haki na mapenzi kwenye karatasi moja! Niliona nimeula.

Jumamosi mchungaji aliipitia ratiba ofisini kwake. Akaweka kidole chini kabisa.

"Hawa kina mama, Mzee, tusiwapandishe juu kidogo? Sijawasikia muda mrefu."

Hakuwa anajua habari ya wimbo. Mke wangu alikuwa amenikataza kuitangaza, na mama mkwe hapendi kabisa ugonjwa wake utajwe kanisani akaanza kuonewa huruma. Mimi ningeweza kusema tu, "Sawa, mchungaji." Maneno mawili. Badala yake nikakaa wima kwenye kiti.

"Mchungaji, tukianza kupandisha watu, tutapandisha wangapi?"

Akanitazama, akashusha pumzi, akatia saini. Mchungaji wetu ni mpole sana, na mimi nilikuwa nauchukulia upole ule kama ushahidi kwamba nina akili.

Jumapili ilikwenda raha mustarehe. Nyimbo za kusifu zilianza kwa wakati na zikaisha kwa wakati. Wageni walisimama, wakataja majina, wakakaa. Mhubiri wa siku hiyo alinitupia jicho mara mbili akiwa katikati ya mahubiri, nikamwonyesha saa yangu, akafunga biblia yake kama mtu aliyeshikwa akiiba. Mama mkwe nilikuwa nimemkalisha mwenyewe benchi la mbele, chini ya spika, sikio lake zima likiwa limeelekea huko. Kushoto, karibu na ukuta, kina mama walikuwa wameshajipanga na majoho yao. Mke wangu alikuwa mbele yao. Aliniangalia, akatabasamu kidogo, na mimi moyo wangu ukawa mweupe.

Kilikuwa kimebaki kipengele kimoja kabla yao. Matangazo.

Sasa niseme jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso. Kwenye ratiba yangu kila kipengele kilikuwa na dakika zake. Sala ilikuwa na dakika, sadaka ilikuwa na dakika, hata ukimya wa kutafakari niliupimia dakika. Matangazo hayakuwa nazo. Palikuwa patupu. Matangazo husomwa na mimi, na haikuwahi kunijia akilini kwamba na mimi napaswa kupimwa.

Nikapanda. Nikaipuliza maikrofoni, pfuu, pfuu, kama fundi mitambo. Nikaanza na mkutano wa kamati ya ujenzi. Hapo ilinilazimu kueleza aina za bati, maana hilo ni eneo langu. Nikaenda kwenye vikombe vya jiko la kanisa vinavyopotea, nikataja rangi zake, nikawakumbusha watu kwamba mpishi wetu si mlinzi. Nikazungumzia magari yanayoegeshwa mbele ya lango. Nikazungumzia choo. Mungu anisamehe, nilikizungumzia choo kwa kirefu sana.

Nikamwona mke wangu anainua mkono kidogo, kiganja kimeelekea chini, anaushusha taratibu. Nikaelewa kwamba nipunguze sauti. Nikapunguza sauti, nikaendelea.

Nikamwona mchungaji anasogeza mkono wa joho lake, anaitazama saa yake waziwazi, kisha ananitazama mimi. Nikafurahi mno. Nikasema, "Naona mchungaji ananikumbusha jambo la muhimu kuliko yote," na nikaanza kulihubiria kanisa juu ya kutunza muda.

Ndugu zangu, nililihubiria kweli. Nilisema kwamba anayechelewa anaiba. Nilisema kwamba dakika ya mwenzako ni mali ya mwenzako. Mtu mmoja nyuma akasema "Amina" kwa sauti ya kuchoka sana, nami nikaichukua kama kutiwa moyo. Niliposhuka nilikuwa natoka jasho, nimeridhika, nimesimama wima kama askari.

Mlangoni vijana walikuwa wameshajaa, wamebeba magitaa yao. Mchungaji aliwatazama vijana, akawatazama kina mama, akanitazama mimi. Akafungua mikono, akatoa baraka. Ibada ikaisha kwa wakati.

Hata hapo sikustuka. Ndivyo nilivyokuwa nimelewa mwenyewe. Nilitoka nje, nikashika mikono ya watu, nikasikia "Pole na kazi" nyingi, nikajibu "Asante" nyingi. Ndipo nikamwona mama mkwe amesimama kivulini ubavuni mwa jengo, mke wangu kamshika mkono. Mama mkwe aliponiona uso ukamng'aa. Huongea kwa sauti kubwa, watu wasiosikia vizuri ndivyo walivyo, na uwanja mzima ulimsikia.

"Mkwe wangu! Leo nimekusikia! Yaani wewe nimekusikia neno kwa neno, tangu bati mpaka choo. Hao wengine niliwapata nusu nusu, lakini wewe, hakuna kilichonipita. Mungu akuzidishie hiyo sauti."

Akanipigapiga begani. Alikuwa ananishukuru kwa moyo wote.

Nilimwangalia mke wangu. Hakuwa analia, na ningependelea angekuwa analia. Joho alikuwa amelivua, amelikunja, amelikumbatia kifuani.

"Mama, nakuja sasa hivi," akamwambia mama yake sikioni. Kisha akanisogelea, akasema polepole, bila hasira hata kidogo: "Sikio lililobaki la mama yangu, umelijaza vikombe na vyoo."

Nilinywea. Sijui niseme vipi zaidi. Majivuno yote yalinitoka kama upepo kwenye mpira, nikabaki mtu mfupi, mwenye suti, uwanjani.

"Usiwaache waondoke," nikamwambia. "Wakusanye. Wakusanye tafadhali!"

Sikumngoja ajibu. Nilikimbia. Mimi, ambaye nimewakataza watoto wa shule ya Jumapili kukimbia uwanjani, nilikimbia na viatu vyangu vya ngozi mpaka kwenye mlango wa ukumbi, nikagongana na kiongozi wa vijana. Huyu ni kinyozi, ndiye anayeninyoa mimi mwenyewe, kwa hiyo tunajuana mpaka makovu ya kichwani.

"Kijana wangu, nipe nafasi ya wimbo mmoja. Mmoja tu."

Alinitazama kana kwamba nimeomba animwagie maji. "Mzee Dakika? Wewe?"

"Mimi."

"Mzee, si umeandika mwenyewe hapo mlangoni? Hakuna nyongeza."

"Niliandika mimi, nafuta mimi."

"Aa, usinitie matatani. Wiki ile tulipozidisha kidogo tu, ulituletea barua ya onyo. Ina muhuri!" Na kweli, niliwapelekea barua. Na kweli, ilikuwa na muhuri. "Kama unataka, ingia mwenyewe uwaombe. Mimi simo."

Nikaingia. Ngoma zilikuwa zinajaribiwa, nyaya zimetapakaa sakafuni, na benchi zote zimejaa watoto wa watu ambao nimewahi kuwakaripia mmoja mmoja. Nilipoichukua maikrofoni, mguno ulipita ukumbi mzima. Mmoja akajishika kichwa.

"Ndugu zangu vijana," nikaanza, "nina mambo matatu—"

Kicheko! Walicheka mpaka aliyekuwa kwenye ngoma akapiga ngoma. Na mimi nilitamani ardhi inimeze, maana sikuwa nimekusudia mzaha. Ulimi wangu hauna breki, umezoea mambo matatu.

"Ninalo moja," nikasema. "Kina mama walikuwa na wimbo leo, wameufanyia mazoezi siku nyingi. Muda wao nimeula mimi, kwa domo langu. Na kuna mtu hapa nje ambaye lazima ausikie leo, si Jumapili ijayo. Nawaomba. Mnaweza kukataa, na mkikataa mtakuwa na haki."

Kisha msichana mmoja wa benchi la nyuma akapaza sauti: "Tunakubali! Ila wewe ukae chini!"

Makofi yale niliyopigiwa siku ya kwanza hayakufika hata robo ya makofi hayo.

Kina mama waliingia walivyo. Mmoja na joho, wawili bila, mwingine mtoto mgongoni, mwingine mfuko wa sokoni bado mkononi. Yule wa kibanda alikuwa ameshafika barabarani, wakamrudisha mbio. Mke wangu aliwapanga kwa macho tu. Kinyozi aliwasogezea maikrofoni bila kuambiwa. Mimi nilikwenda kumleta mama mkwe, nikamkalisha palepale chini ya spika, nikakaa kando yake, mkoba wake katikati yetu.

"Tumesahau nini?" akaniuliza. "Mbona tumerudi?"

Mke wangu alikuwa ameanza, peke yake, kwa sauti ya chini, ile sauti ya kuimbia kazi. *Nyumba yangu ni ndogo, Bwana.* Mama mkwe alikunja uso, akageuza kichwa kidogo kutafuta sauti inatoka wapi. Ndipo wale wengine wakaingia, wote kwa pamoja, wa chini chini kabisa na wa juu juu kabisa, *ingia hivyo hivyo*, na spika ile juu yetu ikaumimina wimbo wote kwake.

Alikivuta kitambaa chake cha kichwa, akakitoa kabisa, akakiacha magotini. Vidole vyake viliushika ukingo wa benchi. Midomo ilikuwa inatembea, lakini hakuna sauti iliyotoka.

Nililengwa na machozi, sioni haya kusema. Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikuweza kulibeba jambo hilo nikanyamaza. Niliona ni lazima aelezwe. Niliona kama sitamweleza hataelewa kwamba ni mke wangu aliyewafundisha, kwamba walifanya kwa siri, kwamba zile ni sauti nne, kwamba hata mimi mwishoni nilikuwa na mchango wangu. Nikainama juu ya mkoba, nikasogeza mdomo wangu karibu kabisa na lile sikio lake moja.

"Mama," nikaanza, "huu wimbo, unajua, mwanao—"

Mkono wake ulinyanyuka bila yeye kugeuka, ukaniziba mdomo.

"Nyamaza, baba," akasema. "Nasikiliza."